Mistari Iliyokuwa Chini ya Magunia

Karibu na pale ninaponunulia mkaa kuna fundi wa kuziba pancha. Akishaitoa tyubu kwenye gurudumu la bodaboda huikwangua kwa msasa ili kiraka kishike, na akikwangua sana tyubu hupata joto na kuanza kunuka. Watu hupita na harufu hiyo wakiwahi shughuli zao. Mimi husimama. Juzi nilisimama mpaka fundi akainua kichwa.

"Mama, una baiskeli?"

"Sina."

"Sasa unasubiri nini?"

Nilicheka nikaondoka na mkaa wangu, lakini njia nzima sikuwa barabarani. Nilikuwa kwenye chumba kirefu chenye kuta nyeupe, msichana mwenye kandambili, nasugua kijipira cheusi katikati ya viganja ili kipate moto. Kijipira cha skwoshi, ule mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, kikiwa baridi hakidundi. Kinadondoka kama nyanya iliyooza. Na kwetu Ufipa, hasa miezi ile ya upepo ambapo hata mbwa hutafuta jua, kila kitu huamka kikiwa baridi.

Mama alikuwa amefariki. Baba alishatangulia kitambo, kiasi kwamba mdogo wetu wa mwisho, Skola, alikuwa anamjua kwa picha ya ukutani tu. Siku ya kuanua matanga wakubwa walikaa uani kwenye mkeka, sisi watoto tukakaa jikoni, na ukuta wa jikoni kwetu haukuwa mnene. Niliwasikia wakitugawa. Baba mdogo, ambaye alikuwa akihangaikia makaratasi ya malori kule mpakani Kasesya, alisema atamchukua Deo, aliyenifuata mimi, kwa sababu ni mvulana na kazi za mpakani zinahitaji wavulana. Shangazi, muuza dagaa wa Kabwe, alisema atamchukua Skola kwa sababu bado mdogo na yeye hakujaliwa mtoto. Kisha mtu mmoja akauliza, "Na huyu mkubwa?"

"Huyu ameshakua," akajibu mwingine. Basi.

Nilikuwa nimeanza kidato cha kwanza. Kukua kwenyewe nilikusikia siku hiyo kupitia ukutani.

Shangazi alipokuja kumchukua Skola alimkuta amevaa masweta mawili, lake na langu, moja juu ya jingine. Nilijaribu kulivua la juu. Kule chini ziwani ni joto, nilimwambia, utaungua. Akashika mikono yote miwili kifuani, akakataa. Akapanda gari hivyohivyo, mnene kama furushi. Shangazi aliona ninavyomtazama akanishika bega.

"Ni kwa muda tu, mwanangu. Watarudi. Wewe tunza nyumba."

Mtu mzima akisema kwa muda tu anafunga mazungumzo. Mtoto akiambiwa hivyo anaanza kazi. Mimi nilianza.

Nyumba yetu ipo Milanzi, vyumba viwili na jiko la pembeni. Kuitunza kulihitaji mtu wa kula ndani yake, na kula kulihitaji kazi, kwa hiyo nikaacha shule, kwa muda tu, nikaenda kuomba kufua kwa masista. Walikuwa wamepewa kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara na kuigeuza kuwa hosteli ya wasichana wanaojifunza cherehani. Wajenzi walikuwa wameacha mabweni, matangi ya maji, na jengo moja refu lisilo na dirisha hata moja, lenye mwanga wa kupenya kwenye paa tu. Masista walilitumia kama ghala la mahindi. Nilidhani lilijengwa kuwa ghala. Sikuelewa tu kwa nini ghala lina mistari myekundu ukutani.

Siku moja nikipita na beseni la mashuka nilisikia humo ndani mlio, pa, kisha pa, kama mtu anapiga makofi taratibu peke yake. Mlango ulikuwa wazi. Sista Imakulata, msimamizi wa hosteli, mama mfupi mwenye mabega ya kutwanga ulezi, alikuwa amekunja mikono ya joho lake, amevaa raba, anaupiga ukuta kwa raketi. Nyuma yake magunia yalikuwa yamepangwa kutoka ukuta wa nyuma mpaka katikati ya chumba, yamefika mabegani. Kijipira kilimponyoka kikabingirika mpaka miguuni pangu. Nikakiokota nimrushie.

"Usirushe. Weka beseni chini. Shika ile raketi nyingine."

Nilifikiri ananitania. Masista wa kwetu wana utani wao, hutabasamu baadaye. Lakini hakutabasamu, akanionyesha namna ya kushika mpini kama unamsalimia mtu mkono, akaupiga mpira, nami nikaupiga kwa bahati, ukagonga ukuta ukarudi. Naye akaupiga, na papo hapo akasema kwa sauti kali, "Rudi nyumbani."

Nilisimama. Akasema tena, "Rudi nyumbani, haraka."

Nikaiweka raketi chini taratibu, nikachukua beseni langu, nikarudi nyumbani. Nilitembea mpaka Milanzi nikijiuliza nimekosea nini. Labda nilishika vibaya kitu cha kanisa. Labda mpira ule ulikuwa wake yeye na sikupaswa kuupiga kwa nguvu. Jioni nilipika ugali mwingi kupita kiasi, kama nilivyokuwa nikipika kila siku tangu wale wawili waondoke, kwa sababu mkono wangu haukujua kipimo cha mtu mmoja, nikakaa nikiutazama.

Kesho yake niliwahi kabla ya kengele, nikamkuta Sista anafungua bohari la sabuni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Jana ulipotelea wapi?"

"Ulinifukuza, Sista."

"Nani kakufukuza?"

"Ulisema nirudi nyumbani."

Akacheka, akacheka mpaka akakalia gunia la sabuni na kushika goti lake bovu. "Mtoto wewe. Nyumbani ni katikati ya uwanja. Ukishapiga, unarudi katikati kumngoja mwenzako apige. Ndivyo tulivyokuwa tunaita sisi kule nilikosomea uuguzi."

Alinipeleka ndani kunionyesha kwamba ghala lile wajenzi walikuwa wamelijenga kuwa uwanja wa skwoshi. Akaelekeza chini ya magunia. Mistari miwili ya sakafuni, alisema, inakutana pale na kufanya alama ya msalaba uliokatwa kichwa, na pale mistari inapokutana ndipo nyumbani. "Ila kwa sasa nyumbani kumelaliwa na mahindi." Akachukua chaki akachora alama mbele ya magunia. "Basi sisi tumepanga hapa."

Ndivyo tulivyocheza msimu ule wote, kwenye nusu ya uwanja, mimi na mtawa mwenye goti bovu. Nikikumbuka sasa nadhani alikuwa amemkosa mtu wa kucheza naye kwa miaka, na alikuwa amezoea kutosema.

Magunia ndiyo yaliyonifundisha kupiga mpira hewani. Mchezo wenyewe unakuruhusu kuuacha mpira udunde mara moja ndipo uupige, na mtu anayeanza hupenda kusubiri, maana mpira uliodunda umepunguza kasi, unauona. Lakini kwetu sisi nyuma hakukuwa na nyuma. Ukiuacha ukupite umeingia ghalani, umezama katikati ya magunia, na aliyeuacha ndiye aliyepanda kuutafuta. Nilipanda sana. Nilishuka na vumbi la dumuzi, wale wadudu watoboao mahindi, kwenye nywele na harufu ya dawa ya mahindi puani, na Sista akingoja chini ameshika kiuno.

"Huo mpira ulikuwa unausubiri ukuamkie?"

"Ulikuja kwa kasi, Sista."

"Haukuja kwa kasi. Wewe ulichelewa kuinua mkono."

Ilikuwa hivyo kweli. Nilikuwa naishusha raketi baada ya kila pigo, inaning'inia pembeni kama ndoo tupu, na mpira ukija ndipo naanza kuipandisha. Akanizoesha kuirudisha juu, usawa wa kifua, kabla mpira haujafika hata ukutani. Halafu kupunguza mbwembwe. Nilikuwa nazungusha mkono wote kama anayefukuza ndege kwenye ulezi. "Hewani hakuna nafasi ya kuzungusha," alisema, "unauzuia, unausukuma, basi." Hatua moja mbele kuufuata, si nyuma kuukimbia. Na macho yaufuate mpira hata ukiwa kwa mwenzako, unamchungulia juu ya bega, usisimame ukitazama ukuta kama anayengoja picha ianze. Chini kabisa ya ukuta wa mbele kulikuwa na kipande cha bati. Mpira ukigonga pale umepoteza, na bati linakutangaza kwa kengele mbaya ambayo wasichana wa cherehani waliisikia mpaka darasani. Mmoja aliniuliza kwenye foleni ya maji, "Wewe ndiye unayegombana na bati?"

Polepole bati likanyamaza. Ikafika siku nikawa nasimama kwenye ile alama ya chaki na hakuna mpira unaonipita. Pa, pa, pa, haugusi chini kabisa, na ule ukuta mweupe ulikuwa unanirudishia kila kitu nilichokitoa. Mpira ukipata moto hunuka, na mikono yangu ilinuka mpira mpaka ndani ya unga wa ugali.

Siku ambazo goti lilimkatalia, Sista alinipa ufunguo nicheze peke yangu baada ya kufua. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri mambo ambayo hakunifundisha. Alikuwa amesema, "Anayekaa nyumbani hakimbii sana. Kona zote ziko karibu naye. Anayeganda kwenye kona, kona ile nyingine ameshaipoteza." Alikuwa anazungumzia skwoshi. Mimi nilikuwa naiona ramani. Kona moja Kasesya, chini huko mpakani, Deo anakimbia katikati ya malori. Kona nyingine Kabwe, ziwani, Skola na masweta yake. Na katikati Milanzi, mimi. Niliona kwamba ndiyo sababu niliachwa. Mtu mmoja alitakiwa akae katikati, na mtu huyo asitoke, na akikaa kwa subira wale wa kwenye kona watarudi kwake kama mpira unavyorudi. Sikumwambia yeyote. Niliibeba sheria hiyo kila siku nikitoka kazini, nikafungua mlango, nikasema "Nimerudi" kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mavuno mapya yalipokaribia lori lilikuja kuchukua mahindi ya zamani. Tulishinda tukibeba, na gunia la mwisho lilipotoka nilisimama mlangoni nikishangaa. Chumba kilikuwa kikubwa mara mbili. Katikati, chini ya pumba na mavi ya panya, mistari myekundu ilikuwepo. Nilifagia mimi mwenyewe. Nikasimama pale mistari inapokutana, nikajisikia kama mtu aliyepewa kiti chake.

"Haya," alisema Sista, akafunga goti lake kwa kitambaa. "Leo tucheze kiukweli."

Alinitandika. Aliupeleka mpira nyuma kushoto, nyuma kulia, tena kushoto, kwenye sehemu ambazo kwangu hazijawahi kuwepo, taratibu, bila hata kutoka jasho. Nikawa namkuta yeye amesimama katikati kila nikigeuka, na mimi nimebanwa kwenye kona. Nilikuwa hodari wa kupiga hewani kwenye chumba chenye ukomo mgongoni. Sasa nyuma yangu kulikuwa na nafasi, na mkono wangu haukujua la kufanya nayo. Nilianza kuogopa kutoka katikati. Mpira ukienda mbali niliuacha uende, nikabaki nimesimama juu ya mistari.

"Mbona huufuati?"

"Niliambiwa nikae nyumbani."

"Nani alisema ukae? Nilisema urudi." Akafuta uso kwa mkono wa joho. "Kurudi ni kwa mtu aliyetoka."

Nililisikia neno hilo kama marekebisho ya mchezo tu, nikaomba tuanze tena.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alikuja kutoka Kasesya na mwanamume mwingine nisiyemjua. Niliwasikia kabla sijawaona, wamesimama nje, mgeni anauliza kama paa linavuja. Nilitoka nikiwa na mwiko mkononi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Huyu mwenzangu ni mtu wa ushirika, amehamishiwa hapa mjini, tulikuwa tunasema..."

"Nyumba haipangishwi, baba mdogo."

Mgeni akageuka kutazama mfereji. Baba mdogo akanigeukia.

"Mimi sijasema kitu bado."

"Ndiyo maana nimesema."

Ilinitoka kabla ya maneno yake kutua chini, na niliona amekosa pa kukanyaga. Hakukasirika, alikuwa mtu mpole, na sasa naelewa alikuwa amekuja na jambo jema. Alikaa kwenye ngazi akanieleza taratibu. Mtoto wa kike kuishi peke yake si vizuri, watu wanasema. Kule Kasesya kuna sekondari, ameshaongea na mwalimu mkuu, nitaanza pale nilipoachia. Nitakuwa na Deo. Nyumba itapata mtu wa kuitunza, na siku tukiihitaji ipo.

"Na Skola akirudi?"

"Akirudi atakuja Kasesya."

"Hajui Kasesya. Anajua hapa."

"Mwanangu, yule ni mdogo. Atajua popote atakapofundishwa."

"Deo anasemaje?"

"Deo anapenda malori."

Nilisema nitabaki. Alinibembeleza, kisha akanigombeza kidogo, kisha akala ule ugali wangu mwingi na mgeni wake, wote wawili wakaumaliza, na walipoondoka sufuria ilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kuhusu shule hakuniuliza tena, wala mimi sikuuliza.

Nilimsimulia Sista nikitegemea atanisifu. Nilimweleza kila kitu, kona, katikati, namna nilivyolikamata neno likiwa hewani. Alikuwa anafunga nyuzi za raketi zilizokatika kwa uzi wa nyavu, na mikono yake ikasimama.

"Lakini mimi nilikuwa nakufundisha mchezo," alisema.

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayejiuliza tangu lini mlango umekuwa wazi. Baadaye, tukiwa tumeshafunga, akaniambia kwa upole kwamba ukuta ni ukuta, unarudisha kwa sababu hauna kazi nyingine. Nilimjibu, "Ndiyo, Sista," kama unavyomjibu mtu ambaye hajakuelewa.

Alihamishwa mwaka uliofuata. Wanahamishwa, ndiyo maisha yao. Aliyekuja baada yake hakuwa na habari na raketi, na mahindi yakapangwa mpaka mlangoni. Mimi niliendelea kufua. Deo alipiga simu mara kwa mara, kwanza kwa sauti ya kitoto, halafu sauti ikavunjika, halafu ikawa ya mwanamume anayezungumza huku injini inaunguruma. "Dada, nitakuja tu, ngoja nipate nafasi." Namfahamu vizuri kwa masikio. Skola hakuwa na simu. Shangazi alikuwa akinitumia dagaa kwa watu, na salamu kwamba mtoto anaendelea vizuri, anasoma, anaogelea. Niliwaza sana juu ya kuogelea. Kwetu hakuna aliyejua kuogelea.

Vitu vyake nilivitunza mahali pake. Shuka nililifua na kulitandika upya kila Jumamosi kwenye kitanda chake, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa mashuka, hiyo haikunisumbua. Siku aliyokuja, miaka mingi baadaye, sikuwa na habari kwamba yuko njiani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga, sufuria inachemka, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Sauti ya msichana mkubwa, yenye lafudhi ya ziwani. Nilidhani ni mmoja wa wasichana wa cherehani. Nikachungulia kwenye upenyo wa dirisha la jikoni. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti na begi, mrefu, shingo ya mama, amevua viatu na kuvipanga vizuri kando ya mlango kama wafanyavyo wageni waliofundishwa adabu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakuingia.

"Hodi wenyewe."

Mtu hapigi hodi kwao. Anaingia, anatupa begi, anauliza kuna nini cha kula. Nilifungua mdomo nijibu na nikagundua kwamba neno lililokuwepo ni moja tu, karibu, na nikilitamka nitakuwa nimemkaribisha, na anayekaribishwa ni mgeni. Nikanyamaza nikitumaini atachoka kungoja aingie tu. Hakuchoka. Akaangalia kulia na kushoto, akabadilisha mkono uliobeba begi, akatazama viatu vyake. Hodi ya tatu isipojibiwa mtu mwenye adabu huondoka. Alivuta pumzi.

"Skola," niliita kutoka jikoni kabla hajaitoa. "Njoo unishikie sufuria, mikono ina unga."

Kisha nikasikia miguu mitupu ikivuka sebule, ikisita kwenye kona kama inatafuta njia, mpaka ikafika. Alisimama mbele yangu na begi bado begani. Sikuweza kumshika kwa sababu ya unga, naye hakujua anishike wapi.

"Shikamoo dada," alisema.

"Marahaba. Ipua, inaungua."

Akainama akaipua kwa pindo la kitenge chake, kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeshika cha wenyewe. Akageuka nayo, mvuke ukimpanda usoni, akatazama meza, akatazama chini, akanitazama mimi.

"Niweke wapi?"